Kozi ya wiki mbili Marekani, mkopo wa SACCO na maombi ya chuo: jibu kwa mama wa Donholm

Swali: Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya kitaifa. Anapenda biolojia na anataka kuwa daktari. Mwezi uliopita tulipokea barua inayosema ameteuliwa kuhudhuria kozi ya madaktari vijana nchini Marekani, wiki mbili za Julai, ndani ya chuo kikuu maarufu. Watavaa makoti meupe na kufundishwa kushona jeraha. Ada ni dola 6,000 bila nauli. Nimeshalipa amana ya dola 500, na SACCO yetu iko tayari kunikopesha zilizobaki. Watu wananiambia kozi hii itamfungulia mlango wa chuo cha nje pamoja na ufadhili. Je, ni kweli? Nifanye nini?

Jibu: Mama, barua yako niliisoma jioni na nikairudia asubuhi, kwa sababu ndani yake namwona mzazi aliyejifunga kibwebwe kwa ajili ya mtoto wake. Sitakuacha roho juu, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe: usiuchukue huo mkopo. Kozi hiyo haitamfungulia bintiyo mlango wa chuo cha Marekani, na haitamletea ufadhili. Huenda akaifurahia na akapata marafiki, na hayo si mambo ya kudharau. Lakini umeniuliza kuhusu maombi ya chuo, na kazi yangu kwa zaidi ya miaka kumi imekuwa kukaa na watoto wa Nairobi mbele ya fomu hizo, mstari kwa mstari.

Wazazi wengi huidhania fomu ya Marekani kuwa kama ile bahasha ya kaki tunayobeba tukitafuta kazi. Kila cheti kinaingia, na bahasha ikinenepa ndivyo mwenye ofisi anavyokuona wa maana. Fomu ile haina mahali pa kutia cheti. Common App, fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, humpa mwanafunzi nafasi 10 za kutaja shughuli zake nje ya darasa. Kila moja ina herufi 150 tu za maelezo, na nafasi kati ya maneno pia zinahesabiwa. Kando ya maelezo hayo kuna visanduku viwili vidogo ambavyo mawakala wa kozi hawavitaji: saa ngapi kwa wiki, na wiki ngapi kwa mwaka. Kozi ya Julai, hata igharimu nini, pale itaandikwa wiki 2.

Ngoja nikuonyeshe maana yake. Miaka michache iliyopita alinijia msichana kutoka Kayole, machozi yakimlengalenga kwa kukosa cha kuandika. Aliniambia likizo zote yeye hukaa dukani kwa mama yake, hajawahi kwenda popote. Nikamwomba aniletee daftari la duka. Alikuja nalo Jumamosi iliyofuata, limetobolewa pembeni na kufungwa uzi wa gunia, kalamu ikining'inia. Ndani mlikuwa na madeni ya wateja, na wateja wenyewe hawakuwa na majina: "Mama geti nyekundu", "fundi viatu", "baba mapacha", "yule wa nyumba ya juu". Kurasa za mwanzo zilikuwa na mwandiko wa mama, umekatwakatwa, na madoa ya mafuta ya kupikia. Katikati ya daftari mwandiko ukabadilika ukawa wa binti, na mistari ikapigwa kwa rula: tarehe, bidhaa, kiasi, siku ya kulipa. Mwisho wa kila mwezi kulikuwa na jumla, imepigiwa mstari mara mbili. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amechoka kumwona mama yake akigombana na majirani kuhusu pakiti ya unga ambayo hakuna aliyekumbuka kama ililipwa.

Tuliandika mstari wake pamoja. Kwa Kiswahili ungesomeka hivi: "Nilipanga upya daftari la madeni la duka la mama, wateja 64, madeni yaliyopita miezi miwili yakashuka kutoka sh. 18,000 hadi 5,000." Saa 20 kwa wiki, wiki 14 kwa mwaka, kwa miaka mitatu.

Mwaka huohuo nilikuwa na kijana mwingine aliyekuwa amekwenda kozi ya kulipia. Mstari wake ulisema: "Nilihudhuria kozi ya uongozi ya wiki mbili chuoni, mihadhara, ziara za mji na mradi wa kikundi." Nilimuuliza mradi ule ulihusu nini. Alifikiri kidogo, akasema ulikuwa wa kuwasilisha mbele ya darasa. Kijana yule hakuwa mvivu hata kidogo. Wiki mbili hazikumpa muda wa kushika kitu mpaka kikamshika.

Na usifikiri lile la duka linategemea huruma ya afisa mmoja wa udahili mwenye moyo mwema. Katika orodha ya aina za shughuli, Common App yenyewe imeweka kazi ya malipo na majukumu ya nyumbani, kwa majina yake kabisa. Tena vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka jedwali liitwalo Common Data Set. Katika sehemu yake ya C7, chuo hutia alama mambo kinayozingatia na uzito wa kila moja: ugumu wa masomo aliyochukua mwanafunzi, alama zake, insha, barua za walimu, shughuli za nje ya darasa, kipaji, kujitolea, kazi. Chukua jedwali la chuo chochote mnachokitamani, usome mistari yote. Kazi imo. Kozi za kiangazi, yaani za likizo yao ya katikati ya mwaka kama hiyo yako, hazina mstari wao.

Sasa tulitazame hilo neno "ameteuliwa", maana naona ndilo lililokugusa zaidi. Barua za namna hiyo nimezishika nyingi. Karatasi ni nzito, muhuri unang'aa, jina la mtoto limeandikwa kwa maandishi ya mapambo, na tarehe ya mwisho ya kulipa amana iko siku chache tu mbele. Mara nyingi jina limetoka kwenye fomu ambayo mtoto mwenyewe aliijaza mtandaoni, au kwa mwalimu aliyeombwa ataje wanafunzi wake wazuri. Swali la kumuuliza mwenye barua ni hili: mwaka jana mliwakataa wangapi, na kwa kuangalia kazi gani walizowaletea? Programu isiyomkataa yeyote mwenye kulipa haimwambii afisa wa udahili lolote kuhusu mtoto. Inamwambia tu kwamba nyumbani kwao kulikuwa na pesa.

Angalia pia ni nani anayeiendesha. Vyuo vya Marekani vikifunga kwa majira yao ya joto, mabweni na kumbi hubaki wazi, na makampuni huzikodi. Oxford na Cambridge ni vivyo hivyo. Jina kubwa lililo kwenye barua yako linaweza kuwa anwani ya jengo tu, na wala maprofesa wa chuo hicho wasijue kozi hiyo ipo. Tazama anwani ya barua pepe na ya tovuti. Kozi inayoendeshwa na chuo chenyewe cha Marekani kwa kawaida huwa kwenye tovuti ya chuo, ile inayoishia na .edu. Na hata hizo za vyuo vyenyewe, nyingi huandika waziwazi kwamba kuhudhuria hakumpi mwanafunzi upendeleo wowote katika udahili. Wanaosajili watu wa kozi za kiangazi na wanaosoma maombi ya chuo ni watu tofauti wenye kazi tofauti.

Kozi zenye uzito zipo, na sitaki uondoke ukidhani zote ni biashara. Katika hisabati kuna Ross, iliyoanza mwaka 1957, na PROMYS ya Boston University, iliyoanza mwaka 1989. Kila moja ni ya wiki sita na hupokea hata wanafunzi wa kigeni. Hapo nafasi hainunuliki. Anayeomba hupewa maswali magumu ya kuhangaika nayo kwa majuma kadhaa, na wasomaji hutazama jinsi alivyofikiri, hata pale aliposhindwa kumaliza. Afisa wa udahili akiliona jina kama hilo anajua kwamba kuna watu makini walishamchuja mtoto huyu kwa kazi ya mkono wake. Kinachopimwa pale ni ule mchujo. Na kwa mtoto wa Nairobi kuna neema ndogo: maswali ya PROMYS huwekwa wazi kwenye tovuti yao. Mwenye kupenda hesabu anaweza kuyachapisha pale saiba na kukaa nayo Desemba nzima bila kupanda ndege. Karibu na kwetu kuna pia Yale Young African Scholars, programu fupi ambayo imekuwa ikifanyika barani Afrika bila kutoza ada ya masomo. Huchagua kwa ushindani, na humfundisha mwanafunzi jinsi ya kuomba vyuo vya nje. Hiyo ndiyo ningependa umtafutie fomu yake.

Halafu kuna kalenda, jambo linalosahaulika mpaka tikiti imeshakatwa. Kiangazi chao ni Juni hadi Agosti. Kwetu Julai ni ile baridi ya kuvaa sweta mbili, na ni kilele cha muhula wa pili. Bintiyo akiwa kidato cha tatu mwaka huu wa 2026, atafanya KCSE mwaka 2027, na huo ndio mtihani wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Nyuma yake hakuna darasa jingine la kurudia nalo. Wiki mbili za kozi, pamoja na siku za safari na za kuzoea saa, ni karibu wiki tatu za vipindi vya kemia, fizikia na hesabu. Kwa mtoto anayelenga udaktari sioni ni kitu gani cha kuzifidia.

Kama bintiyo angekuwa katika shule ya mtaala wa kimataifa inayofunga Julai, na pesa hizo zikawapo bila kukopa, ningekwambia mpeleke akaone dunia. Wala nisingekusumbua na mengine.

Kuna jambo ambalo barua ile haikukueleza, na huniuma kila ninapokutana nalo. Marekani kwa kawaida mtoto haingii udaktari moja kwa moja kutoka shule ya upili. Anasoma kwanza shahada ya miaka 4, kisha anaomba upya chuo cha udaktari cha miaka mingine 4, ndipo mafunzo ya hospitalini yafuate. Vyuo vya udaktari vinavyopokea wanafunzi wa kigeni ni vichache, na ufadhili kwao ni haba sana kuliko kwenye shahada ya kwanza. Hapa Kenya, aliyepata alama za kutosha huingia MBChB, yaani shahada ya udaktari, moja kwa moja kutoka kidato cha nne, miaka 6. Nafasi hizo hugawiwa na KUCCPS kwa pointi za KCSE katika masomo yanayohusika, biolojia na kemia zikiwa mbele. KUCCPS haina kisanduku cha kozi za likizo wala cha safari. Kwa hiyo kama ndoto yake ni kumtibu mgonjwa katika wodi ya hospitali ya kaunti, njia iliyonyooka inapita katika darasa analokaa Julai hii. Kama anavutiwa na utafiti wa biolojia, hapo shahada ya Marekani ina mantiki yake. Hayo mawili hayafanani, na nadhani hakuna aliyemketisha akamweleza.

Kuhusu Uingereza nitasema machache. Tangu udahili wa mwaka 2026, maelezo binafsi ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya huko, yamekuwa maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000, na yanataka kujua kwa nini somo hilo, umejiandaaje darasani, na umefanya nini nje ya darasa. Wanaosoma huangalia umelielewa somo kwa kina gani. Kitabu kimoja kilichosomwa vizuri na kujadiliwa kina nguvu kuliko picha ya kikundi mbele ya lango la zamani.

Turudi kwenye pesa. Dola 5,500 zilizobaki ni zaidi ya shilingi 700,000 kwa bei ya dola ya siku hizi. Hapo bado nauli, bima na ada ya ombi la viza, ambayo ni dola 185 na hairudi hata ukinyimwa. Umesikia kwamba kozi italeta ufadhili. Ufadhili wa vyuo vya Marekani kwa mtoto wa kigeni aliyetoka familia ya kawaida hutolewa kwa hesabu ya uwezo wa familia. Utajaza fomu, mara nyingi CSS Profile, ueleze mshahara, madeni, shamba na idadi ya watoto unaowalipia karo. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humsoma mwanafunzi wa kigeni bila kujali kama ataomba msaada, na wakimchukua hujaza pengo lote. Vingi vilivyobaki huangalia pesa kabla ya kuamua, na huko mtoto anayehitaji msaada mkubwa lazima awe na alama zinazomfanya apiganiwe. Kinachompigania ni matokeo, walimu wake na insha yake. Wiki mbili hazimo. Na mkopo utakaoulipa miezi thelathini na sita utakuwa bado unakukata mshahara siku anapopata barua ya chuo inayosema familia ichangie nauli na kompyuta.

Sehemu ndogo ya pesa hizo ina kazi ya maana. Mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo vya Marekani, hapa Nairobi unagharimu dola mia moja na kidogo. Baada ya janga la korona vyuo vingi viliuacha, lakini MIT ilirudi kuudai mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Yale, Dartmouth na Brown zikatangaza kuufuata mkondo huo. Sasa unafanywa kwa kompyuta, na mazoezi yake rasmi ni bure: mitihani kamili iko ndani ya programu ya Bluebook, na masomo yako Khan Academy. Likizo ya Agosti ya wiki tatu hivi inatosha kwa mtoto mwenye msingi mzuri wa hesabu kufanya mitihani minne ya mazoezi na kuchambua makosa yake. Asifanye zaidi ya hiyo. Watoto wa bweni huamshwa alfajiri miezi mitatu mfululizo, na wakifika nyumbani wana haki ya kulala.

Sasa nije kwenye likizo zenyewe. Unasema anapenda biolojia na udaktari. Hapo Donholm, kama mitaa mingine ya Nairobi, kuna wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaojulikana kama CHP. Serikali iliwapa mikoba ya kazi kuanzia Septemba 2023, yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani. Ulizia katika zahanati iliyo karibu nani anahudumu upande wenu, uongee naye mama kwa mama. Umwombe amruhusu bintiyo amsindikize Jumamosi chache za likizo ya Novemba na Desemba, zahanati ikikubali na wenye nyumba wakikubali. Asimpime mtu, na asiandike jina la mtu. Kazi yake iwe kubeba mkoba, kunyamaza na kusikiliza. Atamwona mzee aliyeacha dawa za presha kwa sababu alijisikia vizuri. Atamsikia mama akisema dawa aliigawana na jirani. Baada ya nyumba ishirini ataanza kuona kwamba maswali ni yaleyale manne au matano. Hapo mwache ajiulize mwenyewe kwa nini, na afanye kitu kidogo kuhusu swali moja: labda kadi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kile hasa kinachozungumzwa mtaani, aijaribu kwa wazee kumi, arekebishe, arudi. Likizo ya Aprili aendelee, ya Agosti aendelee. Kufika mwisho wa kidato cha nne atakuwa na karibu mwaka mzima wa jambo moja, na mhudumu anayemjua kwa jina na anayeweza kumshuhudia.

Shuleni kwake pia kuna maonyesho ya sayansi na uhandisi, KSEF, yanayoanzia ngazi za chini hadi ya kitaifa, na kuna Young Scientists Kenya. Swali lile la dawa za presha linaweza kuwa mradi wake, mwalimu wa biolojia akimsimamia. Mwalimu huyohuyo ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo, na ataandika alichokiona kwa macho yake. Mhadhiri wa kozi ya wiki mbili mwenye wanafunzi mia mbele yake ana nini cha kuandika?

Kama anapenda viumbe zaidi ya wagonjwa, kila Jumatano asubuhi Nature Kenya huwa na matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, kwa kiingilio kidogo. Ampeleke hata ndugu yake mdogo, wabebe daftari. Nimemwona mtoto aliyeanza hivyo akaishia kuhesabu korongo wa mtaa wao kila wiki kwa mwaka mzima, na insha yake ilikuwa juu ya korongo hao kusimama kwenye jaa la taka.

Kisha kuna kipindi ambacho wazazi wengi huhesabu kama muda uliopotea. KCSE ikiisha Novemba 2027, vyuo vya Marekani hufungua Agosti au Septemba. Mwanafunzi wa KCSE ana chaguo mbili. Aombe akiwa kidato cha nne, insha zikishindana na marudio ya mtihani, maana tarehe za mwisho huwa karibu na Novemba 1 na Januari 1. Au asubiri matokeo, aombe mwishoni mwa mwaka unaofuata akiwa nayo mkononi. Kwa mtoto wa shule ya bweni asiye na simu wala mtandao muhula mzima, mimi hupendelea la pili. Hapo anapata karibu mwaka mzima wa kufanya kazi, kujitolea, kujiandaa kwa SAT na kuandika insha ya maneno 650 kwa utulivu. Kwa watahiniwa wetu, huo ndio muda wenye thamani kuliko kiangazi chochote. Ndio muda pia ambao programu za hapa nyumbani hutafuta watoto: KenSAP, iliyoanza mwaka 2004 na kupeleka wanafunzi wenye alama za juu katika vyuo vya Marekani, Zawadi Africa kwa wasichana, na Equity Leaders Program. Zote huanza na matokeo ya KCSE. EducationUSA, mtandao wa ushauri wa masomo wa serikali ya Marekani, nao hutoa ushauri hapa Nairobi bila malipo. Nenda ukae nao kabla hujamlipa wakala yeyote.

Nikuonye jambo moja endapo utakutana na kozi nyingine huko mbele. Zile zinazotoa alama rasmi za chuo huacha rekodi ya kudumu. Mwanafunzi akipata D Julai, atalazimika kuionyesha kila anapoomba chuo. Na kwa kawaida kozi ya namna hiyo, au yenye zaidi ya saa 18 za masomo kwa wiki, huhitaji viza ya mwanafunzi, F-1, si ya utalii. Wakala akikuambia "sema tu unaenda kutembea", muage hapohapo, kwa sababu uongo mbele ya afisa wa ubalozi hukaa kwenye faili la mtoto miaka mingi.

Sasa amana yako ya dola 500. Tafuta ile hati uliyotia sahihi na usome sehemu ya kurejeshewa pesa. Mara nyingi huwa na tarehe, na kabla ya tarehe hiyo hurudisha zote au nusu. Andika barua pepe leo hii, si kesho, kwa maneno machache: jina la mtoto, namba ya usajili, kwamba mnajiondoa, na kwamba unaomba kurejeshewa amana kwa mujibu wa masharti yao. Usieleze sababu wala usikubali kuhamishiwa kozi ya mwaka ujao. Kama ulilipa kwa kadi, pigia benki yako uulize utaratibu wa kupinga malipo. Ikishindikana kabisa, dola 500 zimekwenda na zitakuuma, lakini usizifuate kwa kutupa nyingine 5,500. Na SACCO uwaarifu kwamba ombi limesitishwa, wasije wakapitisha hundi.

Kabla ya hayo yote kumfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, mwambie bintiyo wewe mwenyewe, siku ya kutembelewa, mkiwa mmeketi chini ya mti na chapati zenu. Usiseme pesa hazikutosha, maana atabeba hilo hadi kwenye chumba cha mtihani. Mwambie mliyoyagundua kuhusu kozi yenyewe. Kisha muulize ni kitu gani hasa kilichomvutia katika barua ile: ni Marekani, ni koti jeupe, au ni kule kushona jeraha? Akisema ni kushona, niandikie tena. St John Ambulance hapa Nairobi hufundisha huduma ya kwanza, na kushona kwa mazoezi huanzia kwenye ganda la ndizi, sindano na uzi, mezani jikoni kwako.